Gari Likipinduka, Nini Humwua Askari?

Historia ya majeshi imezoea kuandikwa kwa majina ya mapigano na idadi ya waliouawa na adui. Kuna hesabu nyingine ambayo haisomwi kwenye gwaride wala haichongwi juu ya minara ya kumbukumbu. Nayo ni hesabu ya askari waliokufa ndani ya magari ya jeshi lao wenyewe, barabarani, mchana kweupe, bila risasi hata moja kulia. Mazungumzo haya yanahusu sehemu moja ya hesabu hiyo, yaani gari linapopinduka, na yale yanayompata mtu aliyemo.

Mmoja wa watu wa kwanza kuisoma hesabu hiyo kwa makini alikuwa daktari wa Jeshi la Anga la Marekani, John Paul Stapp, aliyefikia cheo cha kanali. Tarehe 10 Desemba, 1954, katika jangwa la New Mexico, Stapp alifungwa mikanda juu ya kigari kilichosukumwa na maroketi kwenye reli. Kigari hicho kilifikia mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa, kisha kikasimamishwa katika muda usiozidi sekunde moja na nusu. Macho yake yalivilia damu, lakini alitoka hai. Shabaha ya jaribio ilikuwa kujua mwili wa rubani unaweza kustahimili nini anapojirusha kutoka katika ndege ya kasi. Hata hivyo, Stapp alipopitia taarifa za vifo vya jeshi lake, alikuta kwamba marubani waliokuwa wakifa katika magari walikuwa wengi kuliko waliokuwa wakifa katika ndege. Mwaka 1955 akaanza kuwakusanya madaktari na wahandisi kila mwaka ili kuichunguza ajali ya gari kama ilivyochunguzwa ajali ya ndege. Mkutano huo unaendelea hadi leo kwa jina lake.

Jambo lililothibitika juu ya kigari kile ni kwamba mwili wa binadamu ni imara kuliko ilivyodhaniwa, mradi umeshikwa barabara. Kasi peke yake haimwui mtu. Kinachomwua ni kile mwili wake unachokutana nacho wakati kasi inapokoma.

Wakati Stapp akifanya kazi hiyo, askari wa majeshi mengi ya dunia walikuwa bado wanapanda gari lisiloujua ukweli huo hata kidogo. Gari lenyewe ni Jeep ya Vita Kuu ya Pili, iliyotengenezwa zaidi ya 600,000 na viwanda vya Willys na Ford. Lilikuwa gari dogo, jepesi, la wazi, lenye turubai badala ya paa. Ubavuni, mahali pa mlango, palikuwa na ukanda wa turubai wa kumzuia abiria asimwagike nje gari linapokata kona. Ukanda huo ulimfaa askari siku ya kawaida. Siku ya gari kwenda matairi juu haukuwa na kazi yoyote.

Inafaa kueleza hapa kwa nini gari hupinduka, maana jambo hili halina uchawi. Chukua umbali kati ya tairi la kulia na la kushoto, ugawe mara mbili, kisha ulinganishe na kimo cha kitovu cha uzito wa gari kutoka ardhini. Gari pana lenye uzito chini hukaa imara. Gari jembamba lenye uzito juu huanguka upesi. Kila mtu anayesimama nyuma ya gari, na kila gunia linalopandishwa juu ya gunia jingine, hupandisha kitovu hicho. Tena si kawaida gari kupinduka kwenye lami tupu kwa sababu ya kona peke yake. Uchunguzi wa Marekani umeonyesha kwamba katika ajali za kupinduka za gari moja lisilogongana na jingine, zaidi ya 9 kati ya 10 huanza kwa gari kukwazwa. Gari huteleza kwa ubavu, tairi likakamata udongo laini wa kando ya barabara, mtaro, au ukingo wa saruji. Magurudumu husimama, na mwili wa gari ukaendelea na safari.

Mwaka 1959 ulitoka nchini Sweden mwanga ambao majeshi yalichelewa kuuona. Katika kiwanda cha magari cha Volvo, mhandisi Nils Bohlin, ambaye hapo kwanza alikuwa akitengeneza viti vya kuwarusha marubani katika kiwanda cha ndege cha Saab, alikamilisha mkanda wa kiti unaopita kifuani na nyongani kwa pamoja. Mwaka huo huo serikali ya Sweden iliagiza kwamba kila trekta jipya liwe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva trekta likipinduka. Watu hupenda kuusifu mkanda na kuisahau fremu ya trekta, ingawa hesabu ya fremu ni ya ajabu. Mwaka 1957, kwa kila matrekta 100,000 nchini humo, wakulima 17 walikuwa wakifa kwa kupindukiwa. Kufika mwaka 1990 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi 0.3. Wakulima wa Sweden hawakugeuka ghafla kuwa madereva stadi, na mashamba yao hayakusawazishwa. Matrekta yaliendelea kupinduka, isipokuwa sasa chini ya chuma kile palibaki nafasi ya mtu kuishi.

Wasikilizaji wayaweke mambo hayo mawili pamoja: nafasi ya kuishi, na kitu cha kumshika mtu abaki ndani ya nafasi hiyo. Moja bila jingine ni nusu ya kinga, na pengine si kinga kabisa. Mtu aliyefungwa mkanda katika gari la wazi lisilo na fremu huweza kushikiliwa mahali hasa ambapo gari litamlalia. Naye mtu aliye chini ya fremu imara bila mkanda hutupwa nje kabla fremu haijamfaa kwa lolote.

Sasa tuje kwenye gari ambalo historia yake ingepaswa kufundishwa katika kila chuo cha madereva wa jeshi. Kufikia mwaka 1960, jeshi la Marekani lilianza kupokea mrithi wa Jeep, gari la Ford lililoitwa M151. Katika njia mbovu lilikuwa gari la kusifiwa. Kila gurudumu lilikuwa na springi yake na lilicheza peke yake, kwa hiyo lilipita juu ya mashimo kwa wepesi ambao Jeep ya zamani haikuwa nao. Lakini wepesi huo ulikuwa na gharama yake. Dereva alipokata kona kwa kasi, sehemu ya nyuma iliinuka, na gurudumu la nyuma la upande wa nje likajikunja kuelekea chini ya tumbo la gari. Gurudumu likishajikunja hivyo, gari huinuka zaidi, na likiinuka zaidi gurudumu hujikunja zaidi. Dereva alikuwa na chini ya sekunde moja ya kufahamu kinachotokea.

Ajabu nyingine ni kwamba hatari hiyo ilizidi gari lilipokuwa tupu. Askari waligundua dawa yao wenyewe bila kungoja barua kutoka makao makuu. Walichukua sanduku la risasi, wakalijaza mchanga, wakaliweka chini ya kiti cha nyuma. Wakipata abiria au mzigo, mchanga humwagwa. Mtu anaweza kucheka, lakini sanduku lile la mchanga lilikuwa shahidi dhidi ya waliolichora gari, na lilitoa ushahidi mapema kuliko kamati yoyote.

Jibu la wakubwa lilielekezwa kwanza kwa dereva. Palikuwa na mafunzo maalumu, maonyo, na amri za mwendo. Kwa haki, dereva hakuwa malaika. Askari kijana, gari jepesi na barabara nyeupe ni mambo yasiyopatana. Lakini lawama ya dereva ina ubaya wake, kwamba hufunga jalada. Taarifa ikiandikwa “mwendo wa kasi”, afisa hutia saini, na gari la aina ile ile hupewa dereva mwingine kesho asubuhi. Yapata mwaka 1970 lilitoka toleo la M151A2 ambalo springi na mikono ya nyuma ilibadilishwa, na tabia ya gurudumu kujikunja ikapungua sana. Hapo ikadhihirika kwamba sehemu ya kosa ilikuwa ya chuma tangu mwanzo.

Hata hivyo turubai lilibaki turubai. Fremu ya kukinga waliomo haikuanza kufungwa katika magari hayo mpaka miaka ya 1987 na 1988, baada ya M151 kutumika kwa zaidi ya robo karne, pamoja na miaka yote ya vita vya Vietnam. Wakati huo mrithi wake alikuwa amekwisha kuingia jeshini. Serikali ya Marekani yenyewe ililikubali jambo hilo kwa vitendo: ilikataa kuyauza magari hayo yakiwa mazima kwa raia, ikiona hayafai kwa barabara za umma, na mengi yalikatwa vipande kabla ya kutolewa kama vyuma chakavu. Magari yaliyokatazwa kwa raia yaliendelea kuwabeba askari.

Kwa nini fremu ilichelewa hivyo? Mojawapo ya sababu ni imani iliyokuwa imeenea, na ambayo haijafa hata leo katika kambi nyingi, kwamba ni heri kutupwa nje ya gari kuliko kunaswa ndani. Kila kikosi kina hadithi ya mtu aliyetupwa akaangukia nyasini, akainuka na kujipangusa vumbi. Hadithi hiyo huwa ya kweli, na aliyenusurika yupo wa kuisimulia. Wenzake waliotupwa wakaangukiwa na gari lao wenyewe hawana wa kuwasimulia. Takwimu za Marekani za miaka ya 2000 zinaonyesha kwamba katika ajali zenye vifo, takriban watu 3 kati ya 4 waliotupwa nje kabisa walikufa. Takwimu za miaka hiyo hiyo zinaonyesha kwamba kupinduka kulikuwa asilimia 3 hivi tu ya ajali za magari ya abiria, lakini kulichukua karibu theluthi moja ya watu wote waliokufa ndani ya magari hayo.

Wakati jeshi la Marekani likijivuta, wengine walilazimika kuharakisha, na sababu yao ilikuwa mbaya. Katika miaka ya 1970, utawala wa walowezi wa Ian Smith huko Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, ulikuwa ukipigana na wapigania uhuru waliotega mabomu katika barabara za udongo. Mafundi wake walitambua kwamba bomu lilikuwa likiua mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa mlipuko wenyewe. Mara ya pili ni kwa kulirusha gari na kulipindua, huku waliomo wakigongana na chuma na kutawanyika barabarani. Ndipo likatengenezwa, mwaka 1974, gari lililoitwa Leopard, lenye injini na vipuri vya Volkswagen Kombi, na tumbo la chuma lililochongoka kama herufi V ili kuupasua mlipuko. Juu ya vichwa vya abiria ziliwekwa nguzo za chuma zilizopindwa, na kila mtu alifungwa mikanda kitini. Afrika Kusini ya Makaburu ilifuata mkondo huo huo. Gari la Buffel la mwaka 1978 liliwaketisha askari 10 mgongo kwa mgongo, kila mmoja na mikanda yake, katika sanduku la chuma lisilo na paa. Lilikuwa refu kwenda juu, na lilipinduka sana. Gari la Casspir, lililobuniwa kwa ajili ya polisi wa nchi hiyo, liliwafunika waliomo kwa chuma pande zote.

Magari hayo yalijengwa ili kuudumisha utawala dhalimu, na hakuna haja ya kuyapamba. Lakini chuma hakina chama. Miongo mitatu baadaye, magari ya Casspir yalikuwa yakiwabeba askari wa Uganda na wa Burundi katika mitaa ya Mogadishu, chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Gari refu la namna hiyo linadai kanuni ile ile iliyoandikwa pamoja na mchoro wake, kwamba aliyeketi bila mkanda hana faida ya chuma kinachomzunguka. Akibwagwa dari hadi sakafu ndani ya sanduku la chuma, chuma hicho hicho ndicho kitakachomvunja shingo.

Shingo, kwa hakika, ndiyo mahali palipozusha ubishi mrefu kuliko yote katika elimu hii. Tangu Septemba 1973 sheria ya Marekani ilidai kwamba paa la gari dogo liweze kubeba mara 1.5 ya uzito wa gari lenyewe. Katika miaka ya 1980 kampuni ya General Motors ilipindua magari ya Chevrolet Malibu, baadhi yakiwa na fremu ya ndani na mengine bila, yakiwa na wanasesere wa majaribio. Wahandisi wake wakadai kwamba shingo haivunjwi na paa linaloshuka. Mtu, walisema, huwa amekwisha kuporomoka na kichwa chake kugusa paa wakati paa linapogonga ardhi. Kwa hiyo paa imara halingemwokoa. Wapinzani walijibu kwamba hoja hiyo inaifaa mfuko wa mwenye kiwanda kuliko shingo ya abiria. Ubishi ukaendelea mahakamani kwa miaka mingi. Mwaka 2008 taasisi ya utafiti inayogharimiwa na makampuni ya bima ya Marekani ilichunguza ajali halisi na kuona kwamba kadiri paa lilivyokuwa imara, ndivyo majeraha makubwa yalivyopungua. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa, na kipimo kikapandishwa hadi mara 3 ya uzito kwa magari ya kawaida. Wahandisi wa kiwanda walikuwa na ukweli kidogo, kwamba mkanda uliolegea humwacha mtu ashuke hadi kwenye paa. Walikosea kuutumia ukweli huo kama sababu ya kuacha paa dhaifu.

Mrithi wa M151 alikuwa Humvee, iliyoagizwa mwaka 1983. Watengenezaji walikuwa wamejifunza. Upana wake ulikuwa zaidi ya mita 2, ambapo M151 ilikuwa na mita 1.6 hivi, na uzito wake ulikaa chini. Likawa gari gumu kupinduka, mpaka vita vya Iraq. Kuanzia mwaka 2003, mabomu ya kando ya barabara yalilazimisha gari hilo kuvikwa mabamba ya deraya yenye uzito mkubwa, na juu ya paa akawekwa mpiga rashasha nyuma ya ngao ya chuma. Kitovu cha uzito kilichoshushwa na wahandisi kikapandishwa tena na vita. Magari yakapinduka, mengine yakatumbukia katika mifereji ya maji, na milango mizito ya deraya haikufunguka. Wapo askari waliosalimika na bomu wakafa maji katika kina ambacho mtu angeweza kusimama.

Kutokana na hayo, jeshi hilo lilibuni mashine ya mafunzo: bodi ya Humvee iliyowekwa juu ya mhimili na kuzungushwa kama nyama juu ya moto, askari wakiwa ndani na vifaa vyao vyote. Mambo yanayofundishwa humo ni madogo, na hakuna anayeyafahamu kabla ya kuning’inia kichwa chini. Dereva anapaza sauti kwamba gari linapinduka. Waliomo wanamvuta mpiga rashasha ndani kwa miguu au kwa mkanda wake, kwa sababu ndiye anayekufa kwanza. Mikono inaingizwa ndani na kukumbatiwa kifuani. Gari likitulia, mtu hafungui mkanda kwa pupa. Anaweka kwanza mkono mmoja juu ya paa, ambalo sasa ni sakafu, anakaza miguu, ndipo anafungua kwa mkono wa pili. Asipofanya hivyo ataangukia kichwa, na shingo iliyonusurika ajali itavunjika baada ya ajali. Sanduku la risasi, redio ya mawasiliano na dumu la maji visivyofungwa huruka ndani ya gari kama mawe. Na majeruhi anayelalamikia shingo, au asiyehisi miguu yake, havutwi kwa mikono kama gunia, ila tu kama moto au maji yanamfikia. Kichwa na kiwiliwili chake hushikwa pamoja na kusogezwa kwa mstari mmoja.

Mwezi Julai 2021, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa juu ya ajali za magari ya kijeshi nje ya mapigano katika jeshi la nchi kavu na kikosi cha Marine. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2010 hadi wa 2019 ziliorodheshwa ajali 3,753 na vifo 123. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokana na magari kupinduka. Wakaguzi walitaja uzembe wa madereva, lakini hawakuishia hapo. Walitaja pia makamanda wa gari wasiosimamia, na madereva walioendeshwa katika uwanja tambarare kisha wakapelekwa usiku kwenye mabonde.

Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, na pia katika Kongo, gari la doria la askari na polisi si Humvee wala Casspir. Ni pikapu, aghalabu ya Toyota, yenye benchi katikati ya bodi ya nyuma, askari wakiketi migongo ikigusana, miguu ikining’inia karibu na ukingo na bunduki magotini. Pikapu hiyo ilichorwa kubeba mzigo chini, sakafuni. Watu 8 au 10 walioketi juu ya benchi huupandisha uzito kiasi ambacho fundi wa kiwandani hakukikadiria, na barabara zake zina changarawe, mitaro mirefu na kingo za udongo uliolainika kwa mvua, yaani vile vile vinavyolikwaza gari. Palipofungwa fremu ya mabomba nyuma, mara nyingi ni ya kushikia mkono au kuwekea turubai, na ikikaliwa na uzito wa gari hukunjika. Fundi wa karakana ya kikosi anaweza kuunganisha fremu nene kwenye chasisi yenyewe badala ya bodi, na kufunga mikanda kwenye benchi. Mpaka siku itakapofanyika hivyo, vitu vilivyo mikononi mwa kamanda wa gari ni vitatu: mwendo, idadi ya watu walioketi nyuma, na dereva wa kumtuma usiku.